Kupima kasi ya utengenezaji wa fosfolipidi za utando katika seli za mamalia: mwongozo kamili wa maabara

Mwanafunzi anapoleta matokeo na kusema, "Fosfatidilikolini kwenye seli zangu haijapungua, basi kimeng'enya hiki hakihusiki," huwa namwomba akae tuanze upya. Kiasi hakisemi kasi. Tangi la maji juu ya paa laweza kushinda limejaa hadi ukingoni huku pampu ikilijaza na wapangaji wakichota kwa kasi ileile. Ukichungulia ndani utadhani maji yamelala. Utando wa seli, ambao fosfatidilikolini ni mojawapo ya fosfolipidi (mafuta yenye fosfati) zinazoujenga, nao ndivyo ulivyo. Maabara ya Suzanne Jackowski kule Memphis, Marekani, iliwahi kuzidisha ndani ya seli kile kimeng'enya kinachoongoza utengenezaji wa fosfatidilikolini. Utengenezaji ukapanda, lakini kiasi kwenye utando kikabaki karibu palepale, kwa kuwa na uvunjaji nao ulipanda. Aliyepima kiasi peke yake asingeona kitu.

Kwa hiyo hapa nitakuonyesha namna ya kupima vyote viwili, kasi na kiasi, kwa kuifuata kolini, kirutubisho kinachounda kichwa cha fosfatidilikolini, tangu inapoingia kwenye seli hadi inapotulia kwenye utando. Nimechagua fosfatidilikolini, ambayo nitaiita PC, kwa sababu ni karibu nusu ya fosfolipidi zote za seli ya mamalia, na kwa sababu ukiimudu hii, nyingine utazifuata kwa kubadilisha vitu vichache.

Wahusika ni akina nani

PC hutengenezwa kwa hatua tatu zilizofumbuliwa na Eugene Kennedy na wenzake miaka ya 1950. Kwanza, kolini kinasi huipa kolini fosfati kutoka kwenye ATP, tunapata fosfokolini. Pili, CTP:fosfokolini sitidililtransferasi, ambayo maabarani kila mtu huiita CCT, huiunganisha fosfokolini na CTP, molekuli iliyo ndugu ya ATP, tunapata CDP-kolini. Tatu, fosfotransferasi hukitoa kile kichwa cha fosfokolini kwenye CDP-kolini na kukipachika juu ya diasiligliseroli, yaani gliseroli yenye mikia miwili ya mafuta. Hapo PC imezaliwa. Vimeng'enya vya hatua hii ya tatu ni viwili: CPT1, kinachokaa Golgi na kushughulika na kolini, na CEPT1, kinachokaa kwenye retikulamu ya endoplazimu na kutengeneza PC pamoja na fosfatidilietanolamini, yaani PE.

Hatua ya pili ndiyo lango. Katika seli nyingi fosfokolini hujipanga foleni mbele ya CCT, na kasi ya njia nzima hufuata kasi ya CCT. Nakipenda kimeng'enya hiki kwa namna kinavyojua hali ya utando. Kina kipande cha protini chenye upande mmoja unaopenda maji na mwingine unaopenda mafuta. Utando ukiwa na PC ya kutosha umesongamana vizuri, kipande hicho hakipati pa kushika, na CCT hubaki imelala, mara nyingi ndani ya kiini cha seli. PC ikipungua, au asidi za mafuta na diasiligliseroli zikizidi, utando hupata mianya. Kipande kile hujikunja kuwa hesi, yaani msokoto kama wa skrubu, huzama kwenye mianya, na kimeng'enya huamka. Kwa hiyo CCT ileile, kwa wingi uleule, inaweza kufanya kazi sana au isifanye kabisa. Ukipima protini yake kwa kingamwili, au jeni yake PCYT1A kwa RNA, bado hujajua inafanya kazi kiasi gani.

Diasiligliseroli yenyewe hutoka kwenye gliseroli-3-fosfati: kimeng'enya GPAT huongeza mkia wa kwanza wa mafuta, AGPAT wa pili, tunapata asidi ya fosfatidi, kisha kimeng'enya kiitwacho lipini huiondoa fosfati. Asidi ya fosfatidi hiyohiyo ikichukuliwa na vimeng'enya vya CDS huenda upande mwingine, kwenye fosfatidilinositoli na, ndani ya mitokondria, kwenye kadiolipini.

Ini lina njia ya pili ya kupata PC. Kimeng'enya PEMT huichukua PE na kuipachika vikundi vya methili mara tatu, vyote kutoka kwenye S-adenosilimethionini. Karibu asilimia 30 ya PC ya ini hutoka huko. Tahadhari kwa wanaotumia seli za uvimbe wa ini badala ya seli halisi: nyingi zimeipoteza PEMT, McArdle RH-7777 zikiwa mfano unaojulikana sana. Usizitumie kutoa hukumu juu ya ini zima.

Kabla hujagusa seli

Amua kwanza utatumia alama gani kwenye kolini, yaani atomi za pekee za kukuwezesha kuitambua kolini uliyoilisha seli. Zipo njia mbili kuu. Ya zamani, na bado nzuri sana, ni kolini yenye tritiamu, haidrojeni yenye mionzi. Ya pili ni kolini yenye deuteri tisa, haidrojeni nzito isiyo na mionzi, inayosomwa kwa spektrometa ya tungamo, mashine inayopima uzito wa molekuli na vipande vyake: PC ya kawaida hutoa kipande chenye uzito wa 184, PC mpya yenye deuteri tisa hutoa kipande cha 193, na mashine hutenganisha ya zamani na mpya ndani ya sampuli moja. Kama unaifikia mashine hiyo, hata kwa kutuma sampuli kavu kwa washirika, nakushauri njia ya deuteri. Utaona na mikia ya mafuta ya kila PC, jambo ambalo tritiamu haikuambii.

Ukichagua tritiamu, kibali huja kwanza. Tanzania ni Tume ya Nguvu za Atomu, TAEC. Kenya ni mamlaka ya udhibiti wa nyuklia, KNRA. Mionzi ya tritiamu ni dhaifu, haipenyi hata glavu, lakini udhaifu huohuo ni hatari kwa namna yake: kipima mionzi cha mkononi hakiisikii. Meza yaweza kuwa imechafuka na kipima kikae kimya. Futa meza, vishikio vya milango na pipeti kwa vipande vya karatasi chujio, uvihesabu kwenye mashine ya kuhesabu mionzi kila baada ya kazi.

Andaa vioo. Mirija iwe ya kioo, vifuniko viwe na bitana ya Teflon, pipeti za Pasteur ziwe za kioo. Klorofomu huyeyusha baadhi ya plastiki na kutoa mafuta kwenye nyinginezo. Mara yangu ya kwanza nilichuja lipidi kwenye mirija ya plastiki iliyokuwa karibu, nikapata doa kubwa zuri juu kabisa ya bamba la silika la kutenganishia lipidi, nikalifurahia siku mbili nzima. Lilikuwa limetoka kwenye mrija. Tangu hapo, kila jaribio lina mrija mmoja usio na seli unaopitia hatua zote kama wengine. Ukiona doa humo, doa hilo si la seli.

Vioo hivyo visioshwe kwa sabuni yenye fosfati, maana baadaye utapima fosfati. Viloweke kwenye asidi, visuuze kwa maji safi ya maabara mara nyingi, vikauke.

Na hakikisha unajua kilichomo kwenye kila kemikali yako. Kennedy na Samuel Weiss, Chicago, waligundua nafasi ya CTP kwa sababu ya ATP chafu: ATP ya unga usio na fuwele ilifanya kazi kwenye jaribio lao, ATP safi ya fuwele ikakataa. Badala ya kuitupa ile isiyofanya kazi na kuendelea na ile nzuri, waliuliza kuna nini kwenye ile chafu. Ilikuwa na CTP kidogo. Ripoti yao ya mwaka 1956 ndiyo msingi wa kila kitu kinachofuata hapa.

Hatua ya 1: Panda seli na panga nyakati

Tumia sahani za milimita 60. Panda seli ili siku ya jaribio ziwe zimefunika kama asilimia 70 ya sahani, bado zinakua. Seli zilizojaza sahani na kuacha kugawanyika zina mahitaji mengine ya utando, na matokeo yake hayalingani na ya seli zinazokua.

Nyakati tano zinatosha: 0, nusu saa, saa 1, saa 2 na saa 4 baada ya seli kumaliza kulishwa kolini yenye alama. Sahani tatu kwa kila wakati, jumla 15 kwa kila aina ya seli. Ongeza sahani mbili au tatu zisizo na alama kwa ajili ya kupima protini na fosfolipidi zote. Watu hupunguza sahani hizi za mwisho ili kuokoa midia, yaani kimiminika cha kukuzia seli, kisha wanabaki na hesabu za mionzi zisizo na cha kugawanyia.

Kwa kulinganishia, hakuna kilicho bora kuliko seli za MT58. Ni seli za ovari ya hamsta wa Kichina zilizotengwa na Jeffrey Esko na Christian Raetz mwaka 1980. CCT yake inavumilia nyuzi 33 lakini kwenye nyuzi 40 hupotea, na seli hushindwa kutengeneza PC. Ukizipima kwenye nyuzi 40 na njia yako isionyeshe fosfokolini iliyokwama, tatizo liko kwenye njia yako. Jua pia kwamba seli hizi zinaweza kuokolewa kwa kuwekewa PC au lisofosfatidilikolini, yaani PC iliyopoteza mkia mmoja, kwenye midia. Seramu ina vyote viwili, kwa hiyo seli zinazooga kwenye seramu nyingi huwa na msaada wa nje unaoficha upungufu wa ndani. Punguza seramu wakati wa jaribio, au tumia iliyoondolewa lipidi, na ufanye vivyo hivyo kwa sahani zote.

Hatua ya 2: Lisha, kisha fuatilia

Midia ya DMEM ina kolini kloridi miligramu 4 kwa lita, ambayo ni mikromola 28.6 hivi. Iandike namba hii, tutaihitaji kwenye hesabu. Ondoa midia ya zamani, weka midia mpya yenye joto la nyuzi 37 iliyotiwa kolini ya tritiamu mikrokyuri 1 kwa kila mililita, rudisha kwenye inkubeta kwa saa 1 kamili. Tumia saa ya kuhesabu. Dakika tano za kuchelewa kwenye sahani ya kwanza ni karibu asilimia 8 ya muda wote.

Saa ikitimia, vuta midia yenye mionzi, osha mara mbili kwa midia ya nyuzi 37 isiyo na alama, weka midia ya kawaida iliyoongezewa kolini isiyo na alama. Hapo saa ya kufuatilia imeanza. Sahani za wakati 0 huenda moja kwa moja kwenye barafu.

Maana ya mpangilio huu ni hii. Mwisho wa kulisha, alama nyingi itakuwa imekwama kwenye fosfokolini, pale mbele ya lango. Katika kufuatilia, fosfokolini yenye alama hushuka na PC yenye alama hupanda. Mwinamo wa mistari hiyo miwili ndio kasi ya CCT ndani ya seli hai, ikiwa kwenye utando wake na mazingira yake. Hakuna jaribio la ndani ya mrija linalokupa hilo.

Hatua ya 3: Chuja lipidi

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, kwa hiyo nitakaa kidogo. Njia ni ya Bligh na Dyer, iliyochapishwa Kanada mwaka 1959, awali kwa ajili ya nyama ya samaki. Siri yake ni uwiano wa klorofomu, methanoli na maji. Kwa 1:2:0.8 vyote vitatu huchanganyika kuwa kimiminika kimoja, na lipidi hutoka kwenye seli. Ukivifikisha kwenye 2:2:1.8, kimiminika hujigawa mara mbili, lipidi chini na vinavyopenda maji juu.

Sahani ikiwa juu ya barafu, osha mara mbili kwa bafa ya chumvi iliyo baridi, vuta mpaka tone la mwisho. Mwaga mililita 1 ya methanoli baridi, kwangua, hamishia kwenye mrija wa kioo. Rudia kwa mililita 1 nyingine. Suuza sahani kwa mililita 0.8 ya maji, ongeza kwenye mrija huohuo. Methanoli ikitangulia huua vimeng'enya papo hapo, PC isianze kuvunjwa mikononi mwako. Sasa ongeza mililita 1 ya klorofomu, tikisa, acha kwa dakika 15 ukitikisa mara kwa mara. Kimiminika kiwe kimoja. Ukiona kimegawanyika tayari, maji yamezidi, pengine hukuvuta bafa yote. Ongeza klorofomu na methanoli kwa uwiano wa 1:2 mpaka kitulie.

Kisha mililita 1 ya klorofomu, tikisa. Mililita 1 ya maji, tikisa. Kitageuka cheupe kama tui. Zungusha kwenye sentrifuji kwa nguvu ya g 1,000, dakika 5. Utaona tabaka la juu lililo angavu, la chini lililo angavu, na katikati kisahani cheupe cha protini.

Kulichukua tabaka la chini bila kuligusa la juu kuna ufundi. Shika pipeti ya Pasteur, bana mpira kidogo, ipitishe kwenye tabaka la juu huku ukitoa viputo polepole ili maji yasiingie. Penya pembeni mwa kisahani cha protini, sio katikati. Fika chini, subiri viputo viishe, ndipo uvute. Acha tone la mwisho mrijani. Ongeza klorofomu mililita 1, tikisa, zungusha, vuta tena, unganisha na la kwanza. Klorofomu ni nzito na hudondoka yenyewe kwenye ncha ya pipeti, hasa chumba kikiwa na joto. Lowesha pipeti kwa klorofomu mara mbili kabla ya kuvuta, na mrija wa kupokelea uwe umegusana na ule wa kutolea.

Usilimwage tabaka la juu. Ndani yake mna kolini, fosfokolini, CDP-kolini, na pia gliserofosfokolini, ambayo ni mabaki ya PC iliyovunjwa, na betaini. Nusu ya habari iko humo.

Kausha tabaka la chini kwa mkondo wa naitrojeni, yeyusha tena kwenye klorofomu kidogo, hifadhi kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri au baridi zaidi. Kazi yote hii hufanyiwa ndani ya kabati la kuvuta hewa. Mabaki ya klorofomu huenda kwenye chupa yake ya taka, na chupa hiyo isitiwe asetoni kamwe. Vikikutana na besi huchemka kwa nguvu ya kulipuka.

Ukihitaji zaidi fosfatidiliserini, fosfatidilinositoli au kadiolipini, badilisha yale maji ya mwisho kwa mmumunyo wa chumvi ya mezani wa mola 1. Lipidi hizi zina chaji hasi, na kwenye maji matupu sehemu yake hubaki juu.

Hatua ya 4: Tenganisha kwenye bamba

Kromatografia ya tabaka jembamba inatosha kwa kazi hii. Kwa tabaka la chini, tumia bamba la silika na mchanganyiko wa klorofomu, methanoli na maji 65:25:4. PE hupanda juu, PC iko chini yake, sfingomielini chini ya PC, lisofosfatidilikolini chini zaidi. Weka viwango halisi kwenye njia za pembeni kila mara.

Kwa tabaka la juu, tumia methanoli, chumvi ya asilimia 0.6 na amonia kwa 50:50:5. Hapa zaidi ya popote weka viwango vya kolini, fosfokolini na CDP-kolini kwa wingi wa kuonekana, kwa kuwa vya seli yenyewe havionekani kwa macho.

Sisi tulio pwani tuna shida ambayo vitabu vya nchi za baridi havina haja ya kuitaja: silika hunywa unyevu. Wakati wa masika, bamba lililoachwa wazi Dar es Salaam au Mombasa kwa robo saa huipandisha PC tofauti na bamba la jana. Lioke kwenye tanuri kwa nyuzi 110 kwa saa 1, lipozee kwenye kikaushio chenye chembe za silika, na udondoshe sampuli upesi. Tangi nalo liwekewe karatasi chujio ukutani ili mvuke ulijae kabla bamba halijaingia.

Onyesha madoa kwa mvuke wa iodini: fuwele chache kwenye tangi lililofunikwa, na kahawia huibuka pole pole. Zungushia kila doa kwa penseli laini, acha iodini ipepee, kwangua silika ya kila doa, hesabu mionzi. Iodini iliyobaki hupunguza mwanga kwenye mashine ya kuhesabu, kwa hiyo usiharakishe hapo.

Kwa nini usihesabu tabaka lote la chini na kuliita PC? Kwa sababu sfingomielini sinthasi hukichukua kichwa cha fosfokolini kutoka PC na kukihamishia kwenye seramidi, ikawa sfingomielini, na hiyo nayo hukaa tabaka la chini. Baada ya saa 4 alama fulani imeshahama.

Hatua ya 5: Pima kiasi

Pima fosfolipidi zote kwa fosfati: kausha sampuli kabisa, ichemshe kwenye asidi ya pakloriki, ongeza amoniamu molibdati na asidi ya askobi, soma rangi ya bluu ukilinganisha na potasiamu dihaidrojeni fosfati ya nanomoli 0 hadi 100. Neno "kabisa" nimelisema kwa makusudi. Masalia ya kiyeyushi ndani ya pakloriki ya moto hulipuka, na kabati lake liwe la kuhimili asidi hiyo. Kama huna kabati hilo, tumia njia ya Stewart ya amoniamu ferothiosayaneti, inayosomwa kwenye nanomita 488 bila kuchemsha chochote. Inafaa sana kwa PC, ingawa haifai kwa kila fosfolipidi.

Kumbuka kwamba fosfolipidi ya kawaida ina fosforasi moja, kadiolipini ina mbili.

Hatua ya 6: Hesabu

Mikrokyuri 1 ni migawanyiko 2,220,000 kwa dakika. Kwenye mililita 1 ya midia yetu mna nanomoli 28.6 za kolini. Kolini ya tritiamu yenyewe ni kidogo mno kubadilisha namba hiyo. Gawanya: karibu migawanyiko 77,600 kwa dakika kwa kila nanomoli. Tuseme doa la PC limetoa 38,800. Hiyo ni nanomoli 0.5 ya kolini iliyoingia kwenye PC ndani ya saa 1 ya kulishwa. Igawe kwa miligramu za protini za sahani, unapata kasi unayoweza kuilinganisha na ya mwenzako.

Ila hiyo ni kasi ya chini kabisa inayowezekana. Ndani ya seli mna fosfokolini ya zamani isiyo na alama inayoizimua ile mpya. Seli mbili zenye kasi sawa, moja ikiwa na akiba kubwa ya fosfokolini, zitakupa namba tofauti. Pima akiba hiyo, au sema wazi kwamba hukuipima.

Kusoma matokeo

Fosfokolini haishuki, PC haipandi: CCT imefungwa. Ndivyo MT58 zinavyoonekana kwenye nyuzi 40.

Alama ndogo kila mahali, hata kwenye fosfokolini: angalia uingizaji wa kolini au kolini kinasi. Hemikolini-3 husaidia kama kizuizi cha majaribio, ila huzuia uingizaji na kinasi kwa pamoja, kwa hiyo peke yake haikutenganishii. Kihesabie kile kilicho ndani ya seli baada ya dakika chache tu za kulishwa, kabla kinasi haijapata muda.

CDP-kolini imerundikana: hali hii ni adimu, na mara nyingi inakuambia diasiligliseroli haitoshi au vimeng'enya vya hatua ya tatu vina kasoro. Hapo ndipo lipini na ndugu zake huingia kwenye kesi.

PC yenye alama imepanda sana, kiasi cha PC kilekile, na gliserofosfokolini imejaa tabaka la juu: seli inatengeneza na kubomoa kwa pamoja. Haya ndiyo matokeo ya lile tangi la paani, na ndiyo sababu nilikuzuia kumwaga tabaka la juu. Kwenye seli za ini usichanganye na betaini, inayotokana na kolini iliyooksidishwa kwenye mitokondria bila kupita kwenye njia ya PC.

Kuhakikisha kwa njia ya pili

Matokeo yakielekeza kwenye CCT, uliza mambo mawili. Iko wapi? Mwagia seli digitonini baridi, kemikali inayotoboa utando wa nje wa seli, miligramu 0.5 kwa mililita ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa dakika chache. CCT iliyo huru hutoka nje, iliyoshika utando hubaki kwenye sahani. Pima zote mbili kwa kingamwili.

Ina uwezo gani? Saga seli kwenye barafu, changanya na CTP, magnesiamu na fosfokolini yenye alama kwenye nyuzi 37, simamisha kwa kuchemsha, tenganisha CDP-kolini kwenye bamba. Fanya seti mbili: moja bila lipidi, nyingine ukiongeza vilengelenge vya PC na asidi ya oleiki kwa uwiano wa 1:1. Seti ya pili hukuonyesha CCT yote ikiwa macho. Ya kwanza hukuonyesha iliyokuwa macho tayari. Tofauti kati yake ndiyo akiba. Na kabla ya kuziamini, hakikisha CDP-kolini inaongezeka sawia na muda, na sawia na protini.

Kazi hii ina uzito nje ya maabara pia. Mwaka 2014 mabadiliko kwenye jeni PCYT1A yalitambuliwa kwa watu wa makundi mawili: wenye kasoro za ukuaji wa mifupa pamoja na upofu unaoongezeka, na wenye upungufu wa mafuta mwilini pamoja na ini lenye mafuta. Kimeng'enya kimoja, magonjwa yasiyofanana hata kidogo. Kujua kila badiliko limeharibu kipi, uwezo wa kimeng'enya au namna kinavyoushika utando, ndiko kunakohitaji seti hizo mbili za mirija.

Ukitaka kuhamia vimeng'enya vingine

Kwa PE ya njia ya Kennedy, lisha etanolamini yenye alama. Lango huko ni kimeng'enya cha jeni PCYT2. DMEM haina etanolamini, kwa hiyo seli nyingi za kukuzwa hutegemea njia nyingine: kimeng'enya PSS1 hubadilisha kichwa cha PC na PSS2 cha PE, vyote kwa serini, tunapata fosfatidiliserini, hiyo husafiri hadi utando wa ndani wa mitokondria, ambako kimeng'enya PSD huikata kaboksili ikawa PE. Lisha serini yenye alama ufuatilie alama ikihama kutoka fosfatidiliserini kwenda PE. Ukiona fosfatidiliserini inaongezeka na PE haipandi, chunguza usafiri kwenda mitokondria kabla ya kuilaumu PSD. Na kwa kuwa serini huingia pia kwenye sfingolipidi na protini, bamba hapa ni lazima.

Kwa PEMT, lisha etanolamini yenye deuteri nne. PC itakayotokana nayo hutoa kipande cha 188 badala ya 184. Tumia seli za ini zilizotolewa karibuni, na upime siku hiyohiyo ya kwanza.